Mtoto Anapokataa Chiponde

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi wilayani Dowa, Malawi, mama akifika kliniki na mtoto aliyekonda sana, au aliyevimba miguu kwa ule ugonjwa ambao watu wa Kivu huuita bwaki, kuna jambo moja hufanywa kabla hajakabidhiwa pakiti za kupeleka nyumbani. Muuguzi hupima mkono wa mtoto kwa utepe, humbonyeza miguu kuona kama kidole kinaacha bonde, kisha humpa mama chiponde kidogo, ile lishe ya karanga, maziwa, sukari na mafuta, amlishe mtoto palepale. Hutafutwa mahali penye utulivu. Mama hunawa mikono, humpakata mtoto, humpa kidogo kidogo pamoja na maji ya kunywa. Halazimishwi mtu, na zoezi linaweza kuchukua hata saa nzima. Mtoto akila kiasi kinachotakiwa, tena hana dalili nyingine ya hatari, hurudi nyumbani na dawa yake ya karanga. Akikataa, hulazwa. Wapo wazazi wanaoona utaratibu huu hauna haki: mtoto aliyechoka, mwenye usingizi, aliyeletwa mbele ya watu asiowajua, kwa nini aamuliwe kwa kula au kutokula kijiko kimoja? Nataka leo nitetee kipimo hicho, na ili nikitetee lazima nipite mbali kidogo, hadi ndani ya ini na hadi kisogoni, mahali ambapo shina la ubongo hupokea habari za mwili na kuamua kama mtu ale au asile.

Nyumbani kukataa chakula kuna tafsiri zake. Mtoto ataambiwa ni mkaidi, amedekezwa na bibi, amezoea biskuti za dukani. Wengine watasema kuna mkono wa mtu, na safari ya kwanza itakuwa kwa mganga au kwa mwombaji badala ya kituo cha afya. Tafsiri zote hizi zina kitu kimoja zinachokubaliana: kwamba hamu ya kula inakaa katika nia, iwe nia ya mtoto mwenyewe au ya adui yake. Mimi nashikilia kwamba hamu ya kula ni taarifa. Ni matokeo ya hesabu inayofanywa na seli za neva chini kabisa ya ubongo, kabla ya nia kuamka, na kimoja kati ya viungo vinavyopeleka takwimu za hesabu hiyo ni ini. Anayekubali hoja hii atamwona mtoto anayegeuza uso kwa jicho jingine, na nitaonyesha kwamba atayatazama kwa jicho jingine hata maisha ya mtu mzima anayeishi kwa nusu ya posho.

Tuanze na ini lenyewe. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, limejificha chini ya mbavu za kuume, na limekaa mahali ambapo sukari na protini za mlo haziwezi kulikwepa. Damu inayotoka tumboni na kwenye utumbo haiendi moja kwa moja moyoni. Hukusanywa na mshipa mnene unaoingia mlangoni mwa ini, na mshipa huo ndio unaoleta karibu robo tatu ya damu yote inayofika humo. Kwa hiyo sima uliyokula huonekana na ini kabla ya kuonekana na ubongo au misuli. Na ini lina sababu ya kuwa makini, kwa kuwa sukari inayozunguka katika damu ya mwili mzima ni gramu 4 au 5 tu, wakati ubongo hauwezi kukaa bila kulishwa hata dakika chache. Tukila, ini huweka akiba ya glaikojeni, kiasi cha gramu 100 hivi kwa mtu mzima aliyeshiba. Tukikaa bila kula huirudisha katika damu kidogo kidogo. Akiba hiyo ikikaribia kwisha, baada ya takriban siku nzima bila chakula, ini hutengeneza sukari mpya kutokana na protini za misuli na kuchoma mafuta ili kupata nguvu ya kazi hiyo. Hakuna kiungo kingine kinachojua hali ya ghala la mwili kwa undani kama hiki, maana ghala lenyewe ndilo hili.

Njia ya kupeleka habari hizo juu ni neva ya vagasi. Inaanzia kwenye shina la ubongo, pale kisogoni ambapo ubongo unaungana na uti wa mgongo, inashuka shingoni, inapita kifuani na kutawanyika tumboni. Mwaka 1937 watafiti Foley na DuBois walihesabu nyuzi za neva hiyo katika paka wakakuta kwamba sehemu kubwa yake hazishushi amri, zinapandisha taarifa. Nyuzi hizo huishia kwenye kishada cha seli kilicho upande wa nyuma wa shina la ubongo, ambacho wataalamu hukiita kwa Kilatini nukleasi solitariasi. Nitakiita kishada cha kisogoni. Kando yake tu kuna seli zinazoshusha amri kwa neva ileile kwenda tumboni, kwenye kongosho na kwenye ini. Kwamba shina la ubongo linaweza kuliamuru ini lilijulikana zamani: mwaka 1849 Mfaransa Claude Bernard alimchoma sungura kwa sindano katika sehemu hiyo ya ubongo, na muda mfupi baadaye mkojo wa sungura ukawa na sukari. Lililochukua zaidi ya miaka mia moja ni kuonyesha kwamba ini nalo husema, na kwamba husikilizwa.

Mwaka 1963 mtafiti wa Mexico, Mauricio Russek, alieleza katika jarida la Nature kwamba mbwa wenye njaa wakitiwa glukosi kwenye mshipa wa mlangoni mwa ini hupoteza hamu ya chakula, lakini glukosi ikitiwa kwenye mshipa wa shingoni, mbwa wanaendelea kula. Fikiria maana yake. Sukari ni ileile, mnyama ni yuleyule. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia. Ikiwa njaa ingekuwa inapimwa na ubongo peke yake kwa kuangalia damu inayoufikia, sukari ya shingoni ingetosha, tena ingefanya kazi haraka zaidi. Russek alihitimisha kwamba kuna vipokezi ndani ya ini au mlangoni mwake. Wengi hawakusadiki, na walikuwa na haki ya kudai ushahidi wa neva yenyewe. Ushahidi huo ulitoka Niigata, Japani, kwa Akira Niijima. Mwaka 1969 alichapisha kazi aliyoifanya kwa simbilisi, au kobayi kama wafugaji wa Kivu wanavyowaita: alichukua ini pamoja na neva yake, akapitisha maji yenye viwango tofauti vya glukosi, na kusikiliza umeme mdogo unaopita katika nyuzi za neva. Glukosi ilipopanda, mapigo ya neva yalipungua. Iliposhuka, mapigo yaliongezeka. Ini lenye sukari lilitulia, ini lililopungukiwa lilipiga kelele, na kelele hiyo ilipanda na kushuka kwa kufuata kiasi cha sukari, haikuwa tu kuwaka na kuzima.

Lakini neva inayopiga kelele bila msikilizaji haina maana, na hapa ndipo nakaa kidogo, kwa kuwa ndipo moyo wa jambo ulipo. Mwaka 1984 Akira Adachi na wenzake, nao wa Japani, waliingiza vinasa umeme vyembamba mno katika kishada cha kisogoni cha panya waliolazwa kwa dawa ya usingizi. Wakatia glukosi kwenye mshipa wa mlangoni mwa ini na kuangalia ni seli zipi zinabadili mwendo. Walizipata. Kisha wakafanya jambo la akili zaidi: waliidondoshea kila seli ya namna hiyo glukosi moja kwa moja, kiasi kidogo sana, pale pale ilipo. Wakaona kwamba seli zinazopokea habari za sukari kutoka kwenye ini zilikuwa zenyewe zinaihisi sukari iliyo jirani yao. Ina maana seli moja ya shina la ubongo inashika taarifa mbili kwa wakati mmoja, ya sukari iliyoko mbali katika ini na ya sukari iliyoufikia ubongo, na mapigo yake ni jibu la zote mbili. Watafiti hao hao walionyesha pia kwamba kishada hicho hupokea kutoka kwenye ini habari za ukolezi wa chumvi na maji. Kishada cha kisogoni basi kinafanana na baraza la wazee: kila shahidi anasikilizwa, wa ini, wa tumbo lililotanuka, wa utumbo, wa ulimi unaoonja, na hukumu hutoka baada ya maneno yao kukutana. Nauomba mfano huu ubaki mezani, kwa sababu utatusaidia kujibu pingamizi zinazokuja.

Msikilizaji anaweza kuuliza kama kisogo kweli kinahukumu au kinapitisha tu barua kwenda sehemu za juu za ubongo. Jibu linatokana na jaribio lisilopendeza kulisikia, lakini lenye uzito. Mwaka 1978 Harvey Grill na Ralph Norgren waliripoti juu ya panya ambao shina lao la ubongo lilikuwa limetengwa na ubongo wote wa juu. Panya hao hawakuweza kwenda kutafuta chakula. Hata hivyo, chakula kilipowekwa mdomoni walimeza kitamu, wakatema kichungu, na majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba waliacha kumeza waliposhiba. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1981, Robert Ritter na wenzake nchini Marekani waliziba njia ya majimaji kati ya sehemu za juu za ubongo na kisogo, kisha wakatia upande wa chini kemikali inayozuia seli kutumia sukari. Panya walianza kula na sukari yao ya damu ikapanda; kemikali ileile ikiwekwa upande wa juu haikufanya hivyo. Sidai kwamba kisogo kinajitosheleza. Panya wa Grill, hata walipokaa bila chakula, hawakujua kuongeza mlo wao kufidia, na kukumbuka, kutafuta na kupanga kunahitaji ubongo mzima. Ila uamuzi wa kumeza hiki na kukataa kile, wa kuendelea au kuacha, una makao yake chini, mahali ambapo mahubiri na vitisho vya mzazi havifiki.

Sasa pingamizi. La kwanza ni zito, na limetolewa na wanasayansi wenyewe. Panya aliyekatwa neva za ini anaendelea kula karibu kama kawaida. Binadamu aliyepandikizwa ini la mtu mwingine, ambalo neva zake zimekatwa wakati wa upasuaji, anakula, anashiba, hata ananenepa. Kama ini lingekuwa shahidi wa maana, kumnyamazisha kungevuruga kila kitu. La pili linatokana na anatomia: Hans-Rudolf Berthoud, aliyefuatilia nyuzi hizi kwa rangi chini ya hadubini, alionyesha kwamba tawi linaloitwa la ini hupeleka nyuzi pia kwenye tumbo, utumbo na kongosho, na kwamba ndani ya nyama ya ini lenyewe nyuzi za kuhisi ni chache, nyingi zimezunguka mshipa wa mlangoni na mirija ya nyongo. Hata Wolfgang Langhans, ambaye mwaka 1987 pamoja na Erwin Scharrer alikuwa ameonyesha kwamba panya waliozuiwa kuchoma mafuta hula zaidi, na kwamba ulaji huo hutoweka tawi hilo likikatwa, baadaye alielekeza macho yake kwenye utumbo kama chanzo cha baadhi ya habari hizo.

Napokea pingamizi la pili bila ugomvi. Vipokezi vikiwa mlangoni mwa ini badala ya ndani ya nyama yake, bado vinapima damu ile inayoliingia, na bado habari inafika kisogoni. La kwanza linahitaji jibu pana zaidi. Baraza lenye mashahidi wengi halivunjiki kwa kukosekana mmoja siku ambayo mambo ni shwari. Ini lenye afya, katika mnyama anayepewa chakula kila siku, halina la ajabu la kusema, na kunyamaza kwake hakutasikika. Swali la haki ni: inakuwaje ini likiwa mashakani? Mwaka 2024, katika jarida la Science, Lauren Woodie, Mitchell Lazar na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walieleza walivyoondoa kwenye seli za ini za panya protini mbili zinazoshika saa ya ini. Panya hula usiku na kulala mchana. Hawa, ambao saa ya ubongo wao haikuguswa, walianza kula sana mchana. Tawi la ini la neva ya vagasi lilipokatwa, ulaji huo wa mchana ukapungua. Na kwa panya walionenepeshwa kwa chakula cha mafuta mengi, kukata tawi hilo kulirekebisha saa za kula na kuwapunguzia kunenepa. Ini lililovurugika lilikuwa linapeleka habari iliyovurugika, na ubongo uliokuwa mzima uliifuata. Panya mzima anayekula vizuri bila neva za ini haondoi ushahidi huu hata kidogo.

Mashaka ya ini la mtoto wa kambini yanajulikana. Mwaka 1948 daktari John Waterlow alieleza jinsi maini ya watoto wachanga wenye utapiamlo huko Karibi yalivyojaa mafuta, na mafuta hayo hayo yalionekana Mulago, Kampala, ambako Hugh Trowell, Jack Davies na Rex Dean waliandika kitabu chao juu ya kwashakoo, jina jingine la bwaki, mwaka 1954. Kule Lwiro, Kivu Kusini, bwaki ilichunguzwa kwa miongo, na Bukavu kulizaliwa hata kamati ya wananchi ya kupambana nayo. Hapa Malawi, Robert Bandsma na wenzake walipima watoto wenye utapiamlo mkali na kukuta kwamba miili yao hutengeneza glukosi kidogo kuliko inavyopaswa. Ndiyo maana kitu cha kwanza hospitalini ni kulinda sukari ya damu, na ndiyo maana mtoto aliyelazwa haanzi na mlo mzito. Huanza na maziwa mepesi ya F-75, kidogo kidogo, usiku na mchana, kwa kuwa ini lake haliwezi kubeba zaidi. Ongeza maambukizi juu ya hapo. Niijima yuleyule wa Niigata alionyesha mwaka 1996 kwamba interlukini-1, kemikali ambayo mwili hutoa ukipambana na vijidudu, ikitiwa kwenye mshipa wa mlangoni mwa ini huongeza mapigo ya neva ya vagasi inayotoka huko. Mwili wenye vita unapeleka habari za vita kisogoni, na mojawapo ya majibu ya ubongo ni kufunga hamu ya kula. Hakuna aliyechomeka kinasa umeme katika kisogo cha mtoto wa Dowa, wala haifai afanye hivyo, na sitasema kwamba kila mtoto anayekataa chiponde anakataa kwa sababu ya neva ya ini peke yake. Nasema kwamba ini lililojaa mafuta, sukari inayoshuka na maambukizi yaliyojificha vyote vina njia iliyothibitishwa ya kufika mahali panapoamua kumeza, na kwamba mtoto hana mamlaka juu ya njia hiyo.

Kipimo cha hamu hakikuja Dowa kwa bahati. Zamani kila mtoto mwenye utapiamlo mkali alilazwa majuma kadhaa, mama akiacha shamba na watoto wengine, wodi zikijaa na maradhi yakiambukizana humo. Mwaka 2002, wakati wa njaa kubwa ya Malawi, wilaya hii yetu ya Dowa ilikuwa kati ya mahali pa mwanzo barani Afrika ambapo shirika la Concern Worldwide pamoja na Valid International walijaribu kuwatibu watoto wakiwa majumbani, huku Mark Manary na wenzake wakifanya kazi kama hiyo kusini kwa chiponde kilichotengenezwa Blantyre. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Mpango wa Chakula Duniani waliikubali njia hiyo kwa dunia nzima. Lakini kuwapeleka watoto nyumbani kulidai njia ya kuwatenganisha wale ambao miili yao bado inaweza na wale wanaozama. Maabara za kupima damu ya kila mtoto hazikuwepo vijijini, na hadi leo ni chache. Muuguzi akatumia chombo ambacho mtoto anacho tayari, kishada cha kisogoni, ambacho kimekwisha kusoma sukari, ini, utumbo na maambukizi, kikatoa jibu mdomoni. Ndiyo, mtoto mwenye woga anaweza kukataa, na ndiyo maana ya utulivu, ya kupakatwa na mama, ya saa nzima ya kusubiri. Anayeharakisha zoezi hilo kwa dakika tano mbele ya foleni, au anayembana mtoto pua ili ameze, amejinyima jibu lenyewe alilolitafuta. Na akilazwa mtoto ambaye pengine angepona nyumbani, hasara ni siku chache za mama. Akirudishwa nyumbani mtoto ambaye mwili wake umekwisha kusema hauwezi, hasara ni maisha.

Kuna pingamizi jingine linalosemwa kwa uchungu kambini, nami nalisikia: watu wana njaa kwa sababu posho haitoshi, mambo ya neva na ini yanatusaidia nini? Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kama 10,000, leo ina zaidi ya 50,000. Msaada wa chakula umepunguzwa mara kadhaa kwa kukosa wafadhili, na mwaka 2023 waliokuwa wakijitafutia kwa biashara Lilongwe walirudishwa kambini, maduka yao yakafungwa. Ni kweli tupu kwamba dawa ya njaa ni chakula. Ila elimu hii inawanyima wapangaji wa posho kisingizio kimoja, kile cha kusema watu watazoea. Anayefunga kabisa kwa siku kadhaa huweza kuona njaa inapungua ukali, kwa sababu ini limegeukia mafuta. Anayekula nusu kila siku hana nafuu hiyo. Mwaka 1945, huko Minnesota, Ancel Keys aliwapa wanaume 36 waliojitolea karibu kalori 1,570 kwa siku kwa majuma 24, na Mpango wa Chakula Duniani hukadiria kwamba mtu anahitaji 2,100. Wanaume wale hawakuzoea. Waliota chakula, walilamba sahani, walisoma vitabu vya mapishi. Hata walipoanza kulishwa tena, baadhi walikula hadi tumbo likakataa na bado wakasema wana njaa. Tumbo lilikuwa limejaa, lakini mwili uliopungukiwa ulikuwa bado haujalipwa deni lake. Mama anayejaza sufuria maji ili uji utoshe watoto watano, na kuona wanalia tena baada ya saa moja, haoni ulafi.

Ndiyo maana kupunguza posho katikati ya msimu wa njaa, kati ya Desemba na Machi, wakati hata majirani zetu wa Dowa ghala zao ni tupu, kunapaswa kuhesabiwa kwa watoto watakaofika kituoni bila hamu ya kula, si kwa kilo za unga peke yake. Na huku kwetu kuna linaloweza kufanywa bila kusubiri mfadhili. Wahudumu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba na utepe wa kupima mkono waongeze swali moja kwa mama: jana na leo mtoto ameomba chakula mwenyewe, au amelishwa kwa kubembelezwa? Mama akisema mtoto aliyekuwa anakula ameacha tangu juzi, asipewe dawa ya kuharisha ya kusafisha tumbo, asibanwe mdomo, asingojewe siku ya kliniki. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama utepe bado unaonyesha rangi ya njano, haujafika nyekundu ya hatari.